Mshahara au gawio? Hesabu nyingine ya Regent Park

Mashariki kidogo mwa kitovu cha jiji la Toronto, kati ya barabara za Parliament na River, upo mtaa wa Regent Park. Ulianza kujengwa mwaka 1948 na ukawa mradi mkubwa wa kwanza wa nyumba za umma nchini Kanada. Tangu mwaka 2005 majengo ya zamani yamekuwa yakibomolewa kwa awamu, na mahali pake kuinuliwa maghorofa ambamo wenye kununua nyumba kwa bei ya soko huishi jirani na wapangaji wa shirika la nyumba la jiji. Miongoni mwa wapangaji hao wamo Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine waliopitia Nairobi au Mombasa, wakaja na Kiswahili chao.

Katika mitaa ya aina hii, mtu akishapata uzoefu wa kazi huambiwa aandikishe kampuni. Anayepika sambusa na pilau za harusi, anayesafisha ofisi usiku, fundi wa kompyuta, mkalimani wa mahakamani, wote husikia ushauri huo. Na kampuni ikishaandikishwa hufuata ushauri wa pili, ambao ndio kiini cha makala haya: usijilipe mshahara, jilipe gawio, kodi itapungua.

Ushauri huo si wa uongo. Tatizo ni kwamba ulitungwa kwa ajili ya mtu mwingine, naye haishi katika nyumba ya shirika wala hapokei posho ya watoto.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Kampuni ikimlipa mwenyewe mshahara, kiasi hicho huondolewa katika faida ya kampuni, naye hukatwa kodi ya mapato kama mfanyakazi yeyote. Aidha, pande zote mbili huchangia Mpango wa Pensheni wa Kanada, CPP, asilimia 5.95 kila upande baada ya dola 3,500 za kwanza. Kwa kuwa mwajiri na mwajiriwa hapa ni mtu yule yule, mfuko mmoja ndio unaotoa asilimia 11.9. Gawio halina mchango huo. Kampuni hulipa kwanza kodi yake, ambayo kwa biashara ndogo katika jimbo la Ontario ilikuwa asilimia 12.2 mwaka 2024, kisha kinachobaki humfikia mwanahisa, naye hutozwa kodi iliyopunguzwa kwa sababu kampuni imekwisha kulipa.

Chimbuko la mpango huu wa kusawazisha ni la heshima. Tume ya kodi ya Kenneth Carter, iliyokamilisha ripoti yake mwaka 1966, ilishikilia kwamba dola ni dola, iwe imetoka katika jasho au katika hisa. Mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 hayakufika mbali kama Carter alivyotaka, lakini wazo lilibaki: jumla ya kodi isitofautiane sana, njia yoyote itakayofuatwa.

Ili kufikia usawa huo, fomu ya kodi hufanya jambo la ajabu. Hulikuza gawio. Mwanahisa wa kampuni ndogo akipokea dola 40,000, fomu huandika 46,000, yaani asilimia 15 zaidi, kana kwamba amepokea faida ya kampuni kabla haijatozwa kodi. Baadaye humpa nafuu ya kufidia nyongeza hiyo, na kwa upande wa kodi anaondoka salama. Lakini zile 46,000 hubaki zimeandikwa katika mstari wa 23600, mstari wa kipato halisi. Mstari huo ndio unaosomwa na karibu kila ofisi nyingine ya serikali.

Kodi moja, kodi mbili

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa mambo mawili: ile ya serikali na ile ya nyumba. Nilipokuwa mhariri kule nyumbani nilikuwa nikilifuta mara kwa mara katika habari za waandishi vijana, nikawataka waandike pango pale wanapomaanisha nyumba. Regent Park imenifundisha kwamba huenda wao ndio waliokuwa sahihi.

Sababu ni hii. Katika nyumba zenye ruzuku, mpangaji hulipa asilimia 30 ya kipato cha familia. Zamani hesabu hiyo ilipitia stakabadhi za mishahara mwezi kwa mwezi. Kanuni za Ontario zilizoanza kutumika mwaka 2020, na kuenea katika manispaa zote kufikia 2021, ziliirahisisha: sasa hutazamwa kipato halisi kilichomo katika hati ya tathmini ya kodi. Kwa maneno mengine, dola ambazo fomu imeziongeza, dola ambazo hakuna mtu aliyezishika, zinalipiwa pango.

Tuchukue familia moja ya mfano: baba mwenye kampuni ya usafi, mama asiye na kipato, watoto watatu wa shule. Mwaka 2024 kampuni imebakiwa na dola 50,000 kabla ya mwenyewe kujilipa. Akichagua mshahara, baada ya michango ya pensheni ya pande zote mbili, takriban dola 5,200, na kodi ya mapato ambayo kwa familia kama hii ni ndogo, anabaki na kiasi cha 42,500. Akichagua gawio, kampuni hulipa kodi ya 6,100, naye mwenyewe karibu hadaiwi kitu. Mfukoni ana takriban 43,300. Gawio limeshinda kwa dola 800.

Sasa tufungue mstari wa 23600. Kwa mshahara unasoma karibu 46,950. Kwa gawio unasoma karibu 50,500. Tofauti ni zaidi ya dola 3,500. Asilimia 30 yake ni dola 1,060 za pango kwa mwaka, yaani 88 kila mwezi. Posho ya watoto ya serikali kuu, kwa familia ya watoto watatu yenye kipato cha kiwango hicho, hupungua kwa senti 19 katika kila dola inayoongezeka: hapo zimekwenda nyingine 670. Aliyepata dola 800 amepoteza zaidi ya 1,700, na sijagusa posho ya jimbo la Ontario.

Na pensheni, bado.

Kwa nini basi ushauri wa gawio umeenea? Sehemu moja ya jibu ni uvivu wa makaratasi. Mshahara unahitaji akaunti ya malipo katika Mamlaka ya Mapato, CRA, makato kupelekwa kwa tarehe, na adhabu ya kati ya asilimia 3 na 10 kwa anayechelewa. Gawio huandikwa katika azimio la ukurasa mmoja na fomu moja ya mwisho wa mwaka. Mhasibu anayelipwa kidogo ana kila sababu ya kupendelea njia fupi. Sehemu ya pili ni kwamba kwa mwenye faida kubwa, anayeweza kuiacha fedha ndani ya kampuni ikizaa, gawio lina maana kabisa. Daktari mwenye kliniki yake hana pango la ruzuku la kupoteza.

Zipo pia njia zilizokwisha fungwa ambazo watu bado huzisimulia. Ile ya kumgawia mke au kijana wa chuo gawio ili kodi igawanyike ilibanwa mwaka 2018, baada ya mapendekezo ya Julai 2017 ya waziri wa fedha wa wakati huo, Bill Morneau. Tangu hapo gawio la ndugu asiyefanya kazi katika biashara hutozwa kiwango cha juu kabisa. Kipimo kimoja cha kuepuka ni wastani wa saa 20 za kazi kwa wiki. Mama anayepika jikoni kila siku anaweza kulipwa mshahara wa haki, lakini saa zake ziandikwe.

Madereva wa malori wapo katika hatari zaidi. Wengi hutakiwa na wenye magari kuandikisha kampuni kwanza ndipo wapewe usukani. Ikiwa dereva huyo kwa hakika ni mwajiriwa aliyevalishwa joho la kampuni, sheria huiita kampuni yake ya huduma binafsi na kuinyima nafuu ya biashara ndogo. Katika Ontario kodi ya kampuni ya aina hiyo ilikuwa asilimia 44.5 mwaka 2024. Hapo gawio si ujanja tena, ni hasara tupu, kwa kuwa mshahara huruhusiwa kukatwa katika faida na gawio haliruhusiwi.

Na kwa walio nyumbani

Wasomaji wa Afrika Mashariki wasidhani suala hili ni la ughaibuni peke yake. Nchini Kenya, kufikia 2024, kampuni ililipa asilimia 30 na mwanahisa mkaazi asilimia 5 ya gawio, hali mshahara ulikatwa kodi, mchango wa bima ya afya wa asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Kishawishi cha gawio ni dhahiri kwa wenye mishahara minono. Nchini Tanzania, ambako gawio la kampuni isiyo katika soko la hisa lilikatwa asilimia 10 baada ya kampuni kulipa 30, jumla hufika 37, na kiwango cha juu cha kodi ya mshahara ni 30. Ushauri wa Toronto ukisafirishwa hadi Dar es Salaam unageuka kichwa chini.

Nirudi kwenye pensheni. Tuliofika Kanada tukiwa na mvi hatuna miaka ya kuchezea. Pensheni ya uzee ya serikali huhitaji miaka 40 ya ukaazi baada ya umri wa 18 ili ilipwe yote. Anayekuja na miaka 45 hataifikisha akiwa na 65. CPP ndiyo inayoziba pengo, nayo haitambui gawio. Isitoshe, malipo ya CPP ya ulemavu kwa kawaida huhitaji mtu awe amechangia katika miaka minne kati ya sita ya mwisho. Msafishaji anayevunjika mgongo katika mwaka wa tano wa kujilipa gawio hana pa kugonga.

Mimi mwenyewe nina kampuni ndogo ya tafsiri, na kwa miaka minne nilijilipa gawio kwa ushauri wa karani aliyenitakia mema. Taarifa yangu ya michango ya CPP ina sifuri nne zilizofuatana. Sheria hairuhusu mwenye kampuni kurudi nyuma kuzijaza kwa hiari yake. Gawio likishatangazwa na mwaka ukishafungwa, limekwisha. Tangu mwaka wa tano ninajilipa mshahara, na kila mwezi, kabla ya tarehe 15, ninapeleka makato.