Mlima Haupandwi kwa Injini, Hupandwa kwa Gia

Sabato iliyopita, katika kanisa moja la huku Itumbe, mhubiri mgeni aliwaambia vijana kwamba Mungu hataki waendelee kuishi na “injini ndogo”. Akatoa mfano wa kijana aliyeng’oa injini ya Suzuki yake akatia ya Hilux, dizeli ya lita 2.8, na sasa hakuna mlima unaomtisha. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi sikuitikia. Kuhusu roho zetu, mhubiri anaijua kazi yake. Kuhusu Suzuki, alihubiri uongo, na uongo huo umewagharimu watu wa Gusii ng’ombe, vipande vya shamba na mifupa.

Tulipotoka nje, vijana walikuwa tayari wanaulizana bei ya injini kuukuu kutoka Japani pale Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mahubiri ya nusu saa yalikuwa yameifufua imani ambayo mafundi wachache wenye akili wanajitahidi kila siku kuizika: kwamba kigari kikishindwa na mlima, dawa yake ni injini kubwa.

Imani hii utaikuta Ogembo, Nyamache, Keroka na Nyamira. Nenda gereji yoyote ya jua kali useme gari lako limekwama kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Hakuna atakayechungulia tairi kuona kama zimekuwa kipara. Hakuna atakayeuliza kama ulitia gia ya magurudumu yote manne. Hakuna atakayekagua kama klachi inateleza. Utaambiwa tu, “Hii injini ni ndogo, mzee, tubadilishe.” Mgonjwa hajapimwa, na tayari amelazwa kitandani akatwe.

Nawauliza wote wanaoamini hivyo swali moja. Mvua kubwa ikinyesha, lori la kubeba majani chai likizama kwenye tope karibu na kituo cha kununulia chai, ni nini huja kulivuta? Trekta. Mara nyingi ni trekta kuukuu, Massey Ferguson 135 iliyoundwa kabla vijana hawa hawajazaliwa. Trekta hiyo ina injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, yenye nguvu farasi kama 45 hivi. Lori lililokwama lina zaidi ya mara mbili ya nguvu hizo. Aliyelala topeni ni mwenye injini kubwa, na anayemvuta ni mwenye injini ndogo.

Siri ya trekta ni gia, na gia hizo ndizo mhubiri alizisahau. Gia huchukua msokoto wa injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha, na kuuzidisha, ikibadilisha mbio kuwa mvuto. Injini ikizunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja, gurudumu hilo hupata msukumo mkubwa kuliko injini yenyewe. Trekta huenda polepole kwa sababu gia zake zimeuza mbio zote na kununua mvuto. Ongeza hapo tairi pana zenye meno marefu na uzito unaokandamiza magurudumu ya nyuma, na umemaliza habari ya mlima.

Sasa tazama Suzuki inayodharauliwa. Suzuki SJ410, ile ya miaka ya 1980, ina injini ya cc 970 na nguvu farasi 45 hivi. Ndiyo, karibu sawa na trekta iliyovuta lori. Chini ya sakafu yake kuna boksi ndogo ya pili ya gia, iliyojitenga na ya kwanza, yenye mkono wake mdogo. Ukivuta mkono huo na kuingia gia nzito, mvuto unazidishwa mara mbili na nusu hivi. Gia namba moja inauzidisha tena mara tatu. Difu inauzidisha tena mara nne. Kufikia kwenye gurudumu, msokoto wa injini ile ndogo umezidishwa zaidi ya mara 30, ndani ya gari lisilofika hata tani moja. Wajapani waliounda gari hili waliliundia milima, na wakatia jibu la mlima ndani yake kabla hujalinunua.

Wengi wanaolalamika kwamba Suzuki “haina nguvu” hawajawahi kuugusa mkono ule mdogo. Nimewaona. Wanaushambulia mlima kwa gia namba mbili, mbio, injini inalia, tairi zinachimba mashimo mawili, gari linarudi nyuma, kisha wanashuka na kulitukana. Mkono mdogo umekaa pale pale tangu siku waliponunua, una kutu.

Na fundi anapotia ile injini ya Hilux, unajua hutupa nini? Nafasi ikiwa finyu, na mara nyingi huwa finyu, boksi ile ndogo ndiyo huondolewa. Injini ya Hilux ya zamani ya lita 2.8 ina msokoto unaozidi wa Suzuki ya cc 970 kwa karibu mara mbili na nusu. Boksi iliyotupwa ilikuwa inazidisha mara mbili na nusu. Piga hesabu mwenyewe: umeuza ng’ombe, umenunua injini, umemlipa fundi, na mvuto wako umerudi palepale ulipokuwa. Kilichobadilika ni kwamba gari sasa ni zito mbele, linakunywa mafuta zaidi, na haliwezi tena kutambaa polepole kwenye utelezi.

Wakati mwingine boksi haitupwi, na hapo mambo huwa mabaya zaidi. Msokoto wa injini kubwa hupita kwenye boksi ndogo, kwenye proposhafti nyembamba, kwenye difu na hafu shafti zilizokatwa kwa kipimo cha injini ya lita moja. Chuma hakina imani wala hakiitikii amina. Kitakatika, na kitakatika mahali ambapo mzigo ni mkubwa zaidi, yaani katikati ya mlima.

Jirani yangu, omogaka (mzee) anayeheshimika, aliuza ng’ombe wawili wa maziwa na kukodisha kipande cha chai ili Suzuki yake ipate injini ya dizeli. Wiki za kwanza alijisifu sokoni. Kisha asubuhi moja, akipanda na magunia ya ndizi, hafu shafti ilikatika, gari likaanza kurudi nyuma. Breki hazikuweza kulizuia. Likaingia kwenye shamba la chai la mtu, likalala ubavu. Alivunjika mguu, na mwenye shamba akadai fidia ya michai. Injini ilitolewa nzima, bila hata mkwaruzo, ikauzwa kwa mtu mwingine mwenye Suzuki. Ugonjwa ulihamia kwa jirani.

Jambo la breki linaniuma kuliko yote. SJ410 za mwanzo zilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Zilitosha kwa gari jepesi. Unapoongeza injini ya chuma ya dizeli, ambayo ni nzito zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani, hujaongeza breki hata kidogo. Kila aliyepanda vilima vya Manga au miteremko ya kuelekea mto Gucha anajua kwamba kilichopanda lazima kishuke. Sijasikia mtu hata mmoja akija gereji akisema, “Fundi, nitilie breki kubwa.” Wote wanataka kupanda. Mahubiri ya kushuka hayana waumini.

Historia ya nchi hii ilikwisha kutoa jibu. Mwaka 1974, mvua ilipoigeuza Safari Rally kuwa mto wa matope, dereva Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Nyuma yake, akiwa wa pili, alikuwa Björn Waldegård katika Porsche. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari akiwa wa 12, na wa kwanza katika daraja lake, kwa Subaru Vivio yenye injini ya cc 658. Injini hiyo ni ndogo kuliko ya Suzuki mnayoitupa! Magari yenye injini mara tatu yake yaliachwa njiani yamevunjika.

Vijana wana jibu lao, na hulitoa wakiwa wameinua simu. Wananionyesha video za Dubai: Nissan Patrol zenye injini ya lita 4.8 zikiruka juu ya vilima vya mchanga. “Ona, mzee, injini hiyo!” Nimeona. Je, Itumbe kuna jangwa? Kwenye mchanga gari linahitaji mbio ili lisizame. Hapa kwetu tuna udongo mwekundu na mvua inayopita milimita 1,500 kwa mwaka, na kwenye utelezi wa namna hiyo mwenye mbio ndiye wa kwanza kuingia mtaroni. Isitoshe, Patrol iliundwa kwa ekseli nene na chesisi ya kubeba injini kubwa tangu kiwandani. Kuilinganisha na Suzuki ni kujidanganya mchana.

Wengine hutaja Land Rover za zamani zilizotiwa injini za Isuzu. Land Rover ile ilikuja na injini ya cc 2,286, na injini ya Isuzu inayotiwa sana ni ya cc 2,771. Hapo mtu ameondoa injini iliyochoka akatia nzima ya kimo kinachokaribiana, katika gari lenye mifupa ya kuibeba. Kutoka cc 970 hadi 2,800 ni habari nyingine kabisa.

Na kuna sheria. Namba ya injini iko kwenye logibuku, na injini ikibadilishwa, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, lazima ijulishwe na gari likaguliwe. Wangapi huku wamefanya hivyo? Siku gari litakapomgonga mtoto wa mtu, bima itaanza kwa kuangalia namba hiyo. Tumezoea kuishi hivi. Tunapanda Probox za watu watano tukiwa kumi, wawili wakikaa na dereva kwenye kiti kimoja, na hakuna anayeshuka kulalamika. Lakini hata Probox, pamoja na dhambi hiyo yote, inapanda milima ya Gusii kila siku kwa injini ya lita 1.5, na hakuna mhubiri aliyewahi kusema ibadilishwe.

Nashuku kwamba injini kubwa zinapendwa kwa sababu zinatuondolea kazi ya kudai barabara. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, barabara nyingi za vijijini ni jukumu la kaunti. Greda hupita, hukwangua udongo, huondoka bila kumwaga changarawe wala kuchimba mitaro, na mvua ya kwanza hurudisha kila kitu. Mkulima wa chai anayelia kila mwaka kwamba bonasi yake ni ndogo kuliko ya wenzake wa Mlima Kenya anachukua bonasi hiyohiyo ndogo na kuizika ndani ya injini, ili aweze kupita kwenye barabara ambayo amekwisha kuilipia kodi. Kisha mwakilishi wa wadi anapokuja, anapigiwa makofi.

Nawaomba vijana wa Itumbe na wote wenye vigari vya milima: kabla hamjauza ng’ombe, badilisheni kwanza tairi zilizoisha, mnunue zenye meno ya matope. Tengenezeni klachi. Wekeni breki zinazoshika. Nunueni minyororo ya tairi kwa ajili ya mvua. Jifunzeni kutumia ule mkono mdogo, na mkiona bado hautoshi, fungeni gia nzito zaidi ndani ya boksi ile ndogo. Zinatengenezwa, na bei yake haifiki ya injini. Fundi anayewaambia tofauti na haya anatafuta pesa zenu. Mhubiri anayewaambia tofauti na haya arudi kwenye Biblia, awaachie mafundi magari.