Barua ya Wazi kwa Divisheni ya Afya ya Jimbo la Tanganyika: Saa ya Kumuunganisha Mgonjwa na Mashine ya Kupumulia

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo, Kalemie, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.



Divisheni inaombwa iandike na kusambaza, katika Hospitali Kuu ya Rejea ya Kalemie na hospitali nyingine za jimbo, mwongozo mmoja unaoeleza ni lini mgonjwa anayepumua kwa shida aunganishwe na mashine ya kupumulia, yaani mtambo unaosukuma hewa mapafuni kupitia mpira uliopitishwa kooni, kwa kuwa mashine hiyo ikiwahishwa mno humtia mgonjwa katika hatari ambayo angeiepuka, na ikicheleweshwa humkuta moyo wake umekwisha kuzidiwa.

Dalili inayopotosha kuliko zote ni kutulia kwa mgonjwa. Mtu mzima mwenye nimonia kali anayevuta pumzi 44 kwa dakika, huku jasho likimtiririka, misuli ya shingo ikimkaza na sentensi ikimkatikia njiani, bado ana nguvu za kupambana. Lakini pumzi hizo zikishuka hadi 16 wakati macho yanalegea na majibu yanachelewa, maana yake ni kwamba misuli imechoka na kaboni dioksaidi, yaani hewa chafu inayopaswa kutolewa nje, inajaa katika damu. Muuguzi wa zamu ya usiku akiiandika 16 hiyo bila kumwamsha mgonjwa na kumuuliza jina lake, karatasi itaonyesha nafuu isiyokuwapo. Wala kipimo cha kidoleni, kile kinachokadiria oksijeni ya damu kwa mwanga, hakitoshi peke yake: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hicho kiliukosa ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa wazungu, jambo ambalo mjini Kalemie linamgusa takriban kila anayelazwa.

Swali la lini, hata hivyo, haliachani na swali la wapi. Katika hospitali ya wilaya ya Salima nchini Malawi, ambako daktari hakuwa akiwasimamia wagonjwa kila siku, watoto 644 wenye nimonia kali waligawanywa katika makundi mawili, moja likipewa oksijeni ya kawaida na jingine likipewa hewa yenye mgandamizo kupitia puani, msaada ambao ni mwepesi kuliko mashine yenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha vifo 11 kwa kila watoto 100 katika kundi la kwanza na 17 katika la pili. Kifaa chenye nguvu zaidi kiliambatana na vifo vingi zaidi, na hilo ni onyo ambalo jimbo lolote linalopokea mashine za msaada lingefaa kulitafakari kabla ya kuzifungua katika maboksi.

Hesabu ya oksijeni nayo haina huruma, kwani mtungi mkubwa wa lita zipatazo 6,800 ukitoa lita 10 kwa dakika huisha ndani ya saa 12, na mtambo unaochuja oksijeni kutoka hewani husimama mara umeme unaotoka katika kituo cha umeme wa maji cha Bendera unapokatika. Kwa hiyo mwenye nimonia aanze na oksijeni ya barakoa na, kama ana fahamu, kulazwa kifudifudi, kisha achunguzwe upya baada ya saa moja. Mwenye pumu apewe kwanza kila dawa iliyopo, maana hewa iliyonaswa mapafuni mwake huweza kuyapasua mashine inaposukuma. Aliyeumwa na koboko au aliyekunywa dawa ya wadudu ni habari nyingine kabisa: mara nyingi mapafu yake bado yanaweza kufanya kazi vizuri, kilicholegea ni misuli, na siku chache za mashine zinaweza kumrudisha nyumbani akiwa mzima, hivyo kumsubirisha ni kosa kubwa.

Mwongozo utaje pia nani anayeamua usiku daktari asipokuwapo, nani atakayeminya mfuko wa hewa kwa mkono jenereta ikichelewa kuwaka, na utake jamaa waelezwe kwa Kiswahili chao, kabla mpira haujaingizwa, ni nini kinachotarajiwa na ni baada ya siku ngapi uamuzi huo utaangaliwa tena pamoja nao.