Mtaala Mpya, Madesa Yale Yale

Mwandishi wa safu ya wiki iliyopita anadai wahitimu wetu hawaajiriki kwa sababu mitaala imezeeka, basi iandikwe upya. Haya, iandikwe. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu Tanzania, wa mkopo wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2021, ulikwisha kupewa kazi hiyo.

Lakini mwandishi huyo aingie steshenari yoyote nje ya geti la chuo wiki ya mitihani. Atakuta madesa yaliyorudufiwa mpaka herufi zimefifia, jina la mhadhiri aliyekwisha kustaafu lingali juu. Na mhadhiri mwenye wanafunzi mia tano atunge swali la kufikirisha, alisahihishe lini? Kabla ya mtaala mpya, mimi ningetandaza mezani mitihani ya miaka mitano, nione swali lipi limebadilika.