Beji za wanyama: Faida iko kwenye picha, si kwenye katoni

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotafuta bidhaa ya mtaji mdogo hawajakosea kutupia macho beji na pini zenye picha za wanyama. Bidhaa hii ni nyepesi, haiozi, haihitaji duka kubwa, na mtalii au shabiki wa mpira huinunua bila kusita.

Hata hivyo, anayeanza kwa kuagiza katoni za simba na tembo kutoka China, kwa kuwa tu bei ya kipande ni ndogo, anaanza vibaya. Katika biashara hii bei ya kununulia si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni picha gani, inauzwa wapi, na lini.

Historia inathibitisha hilo. Beji ya duara yenye karatasi iliyofunikwa kwa seluloidi ilipata hataza nchini Marekani mwaka 1896, na kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, New Jersey, ikaisambaza kwa wingi katika uchaguzi wa urais wa mwaka huo kati ya McKinley na Bryan. Baadaye punda wa Democrats na tembo wa Republicans wakazoeleka vifuani mwa wapiga kura. Kura zikishahesabiwa, beji iliyobaki kwa muuzaji inageuka kuwa bati.

Michezo nayo ni vivyo hivyo. Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 ilikuwa na dubu Misha, na ile ya Los Angeles ya mwaka 1984 ilikuwa na tai Sam. Ni huko Los Angeles ambako kubadilishana pini kulitoka mikononi mwa wanamichezo na maofisa kukaenea kwa watazamaji wa kawaida. Mwaka 1999 Disney nayo ilianzisha ubadilishanaji wa pini katika bustani zake za Florida, baadhi ya michoro ikitolewa kwa idadi maalumu.

Kwa hiyo kinachouza ni mambo mawili: tukio na uhaba. Katoni ya simba wa kawaida, anayefanana na simba wa kila kibanda, haina hata moja kati ya hayo.

Hesabu

Chukua mfano wa kubuni. Mchuuzi ameagiza beji 1,000 zilizomfikia kwa Sh 600 kila moja, jumla Sh 600,000. Msimu wa watalii unakwisha akiwa ameuza 400 kwa Sh 2,000, yaani Sh 800,000. Ziada ni Sh 200,000, lakini beji 600 zimelala sandukuni.

Mwenzake ametengeneza 200 tu hapa nyumbani kwa Sh 900 kila moja, jumla Sh 180,000. Anauza 180 kwa bei ile ile na kupata Sh 360,000. Ziada yake ni Sh 180,000, pungufu ya Sh 20,000 tu, kwa mtaji usiofika theluthi ya ule wa mwenzake. Mashine itamlazimu kuilipia kutokana na mafungu ya kwanza, lakini fedha zake zinazunguka. Picha ikikataliwa na soko, hasara yake ni ndogo na wiki inayofuata anachapa nyingine.

Kutengeneza kwenyewe si kazi ya kiwanda. Kinachotakiwa ni mashine ya kubana kwa mkono, kifuniko cha bati, karatasi ya picha, plastiki angavu na mgongo wenye pini. Vipimo vilivyozoeleka ni milimita 25, 32, 44 na 58. Mashine ya kipimo kimoja haibani kipimo kingine, hivyo uamuzi ufanywe kabla ya kununua.

Pini ya chuma yenye rangi ni jambo jingine. Kila mchoro unahitaji kalibu yake, na gharama ya kalibu ni ile ile oda ikiwa ya vipande 50 au 5,000. Busara ni kuipima picha sokoni kwa beji ya bati kwanza. Ikishatoka, ndipo pini iagizwe.

Soko

Nafasi ya picha maalumu ipo. Kima punju, ambaye makazi yake ya asili ni Zanzibar pekee, ana haki ya kuuzwa kwenye njia ya Jozani kuliko simba asiyeishi kisiwani. Twiga ni mnyama wa taifa wa Tanzania, na timu ya taifa ya wanawake inaitwa Twiga Stars.

Aidha, Kenya, Tanzania na Uganda, zilizoandaa kwa pamoja michuano ya CHAN Agosti 2025, zilipewa na CAF mwaka 2023 uenyeji wa AFCON 2027. Soka la Afrika limejaa wanyama: Simba wa Senegal na Cameroon, Tembo wa Ivory Coast, Chui wa Kongo, Korongo wa Uganda. Tembo mwenye rangi za chungwa, nyeupe na kijani hahitaji maelezo kwa shabiki wa Ivory Coast.

Sheria

Hapa tahadhari inahitajika. Simba wa porini hana mwenyewe, lakini nembo ya klabu ya Simba, alama za CAF na katuni ya filamu vina wenyewe. Tanzania Bara, Tume ya Ushindani (FCC) husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na bidhaa bandia inaweza kukamatwa na kuteketezwa. Hata maneno ya Kiswahili hayako salama kila mahali: Disney iliomba kusajili "Hakuna Matata" kwa ajili ya fulana nchini Marekani mwaka 1994, na usajili ukakamilika mwaka 2003.

Vilevile, picha ya mnyama ni halali lakini kiungo chake ni balaa. Beji ya pembe ya ndovu au gamba la kasa humtia mnunuzi matatani forodhani. Beji ya bati yenye picha ya ndovu huyo huyo hupita.

Mwenye mtaji mdogo basi aanze na picha tatu au nne, achape kidogo, na aandike kila siku ni picha ipi imetoka na ipi imebaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya beji, daftari hilo ndilo linaloamua mnyama wa kuchapwa wiki ijayo.