Ukungu wa darini haufi kwa kupakwa rangi

Wilayani Nachingwea mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo, nyumba yenye bati linalovuja hujitangaza yenyewe. Kwanza linatokea doa la kahawia kwenye silingibodi, kisha vitone vyeusi au vya kijani pembeni yake, na mwisho chumba kinanuka kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi.

Familia nyingi hushughulika na doa na kuacha kilichosababisha doa. Fundi huitwa, anapaka rangi nyeupe na dari inapendeza. Baada ya wiki chache vitone vinarudi, na mtoto anayelala chini yake bado anakohoa usiku.

Kwa mzazi wa Nambambo au kata yoyote ya jirani, wakati mzuri wa kupanda darini ni sasa, kabla mawingu hayajakusanyika.

Unyevu unaingiaje darini?

Ukungu ni kuvu. Mbegu zake ni ndogo mno, zimo hewani kila mahali, na hakuna nyumba isiyo nazo. Kinachozifanya ziote ni unyevu. Mbao, karatasi inayofunika jipsamu na vumbi lililotulia juu ya dari ni chakula chake tosha. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi ukungu haupati nafasi ya kuota.

Maji huingia darini kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuvuja: msumari uliolegea, mpira wa msumari uliokatika kwa jua, bati lililotoboka kwa kutu, au pale mapaa mawili yanapokutana.

Njia ya pili haionekani kirahisi. Mvuke wa sufuria, wa maji ya kuoga na wa pumzi za watu waliolala hupanda juu. Usiku, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, bati hupoa haraka. Mvuke ukigusa bati la baridi hugeuka matone, na matone hayo hudondokea kwenye kenchi na silingibodi. Ndiyo maana dari inaweza kulowa hata msimu usio na mvua. Katika nchi za baridi kali tatizo hili la mvuke ni kubwa zaidi, lakini namna linavyotokea ni ileile.

Wapo wanaoliongeza bila kujua. Popo wakiingia darini, familia huziba matundu yote ya hewa kwa saruji au matambara. Popo wanaondoka, lakini unyevu unabaki umefungiwa ndani.

Kifua cha mtoto

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Mwongozo huo unasema wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za njia ya hewa, maambukizi ya kifua na pumu, au pumu waliyonayo kuzidi. Watoto huathirika haraka kwa sababu njia zao za hewa ni nyembamba na hutumia muda mrefu ndani.

Mfano unaoumiza ulitokea Rochdale, Uingereza. Mtoto Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 2. Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria wa kifo chake ulibaini kuwa aliugua njia ya hewa kwa sababu ya kuishi muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika kwa mwenye nyumba, na walichoshauriwa ni kupaka rangi. Baadaye nchi hiyo ilitunga kanuni zinazobeba jina la mtoto huyo, zinazowabana wenye nyumba za jamii kushughulikia unyevu kwa muda maalumu.

Si kila kikohozi kinatokana na ukungu. Mtoto anayekohoa zaidi ya wiki mbili apelekwe kupimwa, kwani hata kifua kikuu huanza hivyo. Mtoto anayepumua kwa kasi, mbavu zikibonyea anapovuta hewa, au anayeshindwa kunyonya au kunywa, asisubiri asubuhi. Kasi hiyo ni pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Mzazi amweleze mhudumu kuhusu dari ya nyumbani pia, maana asiposema hakuna atakayeuliza.

Namna ya kuuondoa

Kazi ya kwanza ni kuziba maji yanakotoka. Kusugua ukungu huku bati likivuja ni kupoteza sabuni.

Siku ya kusafisha, watoto, wajawazito na mwenye pumu wasiwepo nyumbani. Anayepanda avae barakoa inayobana vizuri usoni, glavu na miwani, na madirisha yawe wazi. Ukungu mkavu usifagiliwe, kwa kuwa fagio huzirusha mbegu zake nyumba nzima. Ulowanishwe kwanza kwa maji. Tahadhari hiyo ihusu kinyesi cha popo pia, kwani kinaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu.

Mbao za kenchi ambazo bado ni ngumu zisuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni, zifutwe, kisha ziachwe zikauke kabisa. Mbao iliyooza ibadilishwe. Silingibodi au jipsamu iliyolowa na kuota ukungu haisafishiki, kwa sababu kuvu imeshaingia ndani yake. Kipande hicho kikatwe, kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Ila katika nyumba za zamani zilizojengwa kwa asbesto, mtu asikate wala asivunje chochote kabla ya kupata mtaalamu.

Dawa ya klorini ya kutolea madoa si lazima. Anayeitumia asiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo au sabuni yenye amonia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Eneo la ukungu likizidi mita moja ya mraba, ni bora aitwe fundi mwenye vifaa.

Rangi ije mwisho, juu ya dari iliyokauka.

Usirudi tena

Matundu ya hewa chini ya paa yafunguliwe na kuwekewa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Hewa itapita, popo watabaki nje. Jiko la ndani liwe na pa kutolea mvuke, na nguo mbichi zisianikwe chumbani. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, mtu apande na tochi kuangalia. Mpira mmoja wa msumari ni nafuu kuliko dari nzima.

Kwa mpangaji, jambo la busara ni kupiga picha za doa zenye tarehe na kumwandikia mwenye nyumba mapema, badala ya kungoja mvua zichanganye.

Magunia ya darini

Wapo wanaohifadhi mahindi na karanga darini. Unyevu huohuo huotesha kuvu inayotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Huharibu ini, na kuchemsha uji hakuiondoi. Nafaka ihifadhiwe ikiwa kavu kabisa, mahali pasipovuja. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zisisagwe kwenye unga wa lishe wa mtoto, na wasipewe kuku pia.