Tazama Sahani: Daftari la Wiki

Jumatatu. Stendi ya Same, saa nane mchana, jua la utosini na upepo wenye vumbi. Basi dogo la kwenda Gonja halijajaa, kwa hiyo halijaondoka. Pembeni yangu amekaa binti wa kidato cha pili, daftari la Kiingereza mapajani, kalamu nyekundu ya mwalimu imepita ukurasa mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, samahani, naomba kuuliza. Hapa nimekosa nini?"

Swali lilikuwa: Haven't you eaten? Naye kajibu: Yes, I haven't. Mwalimu kakata ile Yes, kaandika No juu yake, basi.

Nikamwuliza: "Nyumbani mama akikuuliza, hujala? Na kweli hujala. Unamjibuje?"

"Ndiyo, sijala."

Sisi ndiyo yetu humjibu muulizaji: umesema kweli, ndivyo hivyo ulivyodhani. Mwingereza hamjali muulizaji, anatazama sahani. Kama hujala, ni No, swali liulizwe kwa kukanusha au kwa kukubali. Wajapani nao hujibu kama sisi. Binti alikaa kimya kidogo, akapitia makosa mengine manne ya zoezi lile, akagundua matatu ni lilelile moja. Akaandika kwa penseli pembeni ya ukurasa: tazama sahani.

Jumanne. Nimeendelea kumfikiria. Mtoto huyu amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, na mtihani wa kumaliza akaufanya kwa Kiswahili. Alipoingia kidato cha kwanza akapewa kozi fupi ya kujengewa msingi wa Kiingereza, kisha baiolojia, jiografia, fizikia, karibu kila somo likageuka lugha. Mwisho wa mwaka huu ana upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Na kwa wengi wa vijiji vya juu huku Kiingereza si lugha ya pili. Ni ya tatu, baada ya Chasu, yaani Kipare, na Kiswahili.

Jumatano. Nimepanda Mbaga kumtembelea rafiki yangu anayefundisha sekondari. Ukungu ulikuwa bado umeshika miti, darasani wanafunzi wamevaa masweta. Somo lilikuwa a na the, vijineno viwili ambavyo Kiswahili hakina, na ambavyo mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kukariri.

Rafiki yangu hakuanza na Kiingereza. Aliandika ubaoni sentensi mbili: Nimesoma kitabu. Nimekisoma kitabu. Akauliza zina tofauti gani. Kimya. Mmoja akasema ya pili ni ndefu. Mwingine akasema ni ya mkazo. Kisha kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hicho cha pili tulishakitaja. Tunakijua."

Mwalimu akageuka, akaandika chini ya sentensi ya kwanza a book, chini ya ya pili the book. Nilisikia darasa zima likivuta pumzi. Ile -ki- ndogo, ambayo wameitamka tangu wakiwa na miaka mitatu, ilikuwa inafanya kazi ya the siku zote, na hakuna aliyewahi kuwaambia. Ni kweli njia hiyo haifiki kila mahali. The sun, kwa mfano, haina -ki- wala -li- ya kuisaidia, na mwalimu aliwaambia hivyo waziwazi. Lakini wameshapata pa kuanzia, na pa kuanzia penyewe ni pao.

Alhamisi. Ufahamu. Swali linalowaangusha wengi ni lile la: neno she katika mstari wa sita linamhusu nani? Yeye wetu hana jinsia. Dereva wa basi anaweza kuendesha kurasa tatu za Kiswahili bila msomaji kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Katika Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, jina la kitabu linatutangulizia habari. Katika kifungu cha mtihani hakuna jina la kukusaidia. Ushauri wangu ni mmoja: chukua penseli, kutoka kila he, she na it chora mshale hadi kwa mwenyewe. Usiguse maswali mpaka mishale yote imefika.

Ijumaa. Shule niliyosoma siitaji. Aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, na hakukivua mpaka amkamate mwenzake. Nilikuwa na swali kuhusu I have gone na I went. Nililibeba muhula mzima. Sikuwa na Kiingereza cha kuliulizia, na Kiswahili kilikuwa kosa. Ninalikumbuka jambo hili kwa uchungu mpaka leo, na ninawaomba walimu wanaonisoma: mtoto aulize kwa lugha aliyo nayo. Jibu ndilo aliandike kwa Kiingereza.

Mwaka 1909 ilichapwa Berlin sarufi ya Chasu kwa Kijerumani, kazi ya Ernst Kotz, mmisionari wa Kisabato aliyeishi Upareni. Sarufi ya namna hiyo haiandikwi bila mgeni kuuliza siku nzima, na wenyeji kumsahihisha kwa subira: hatusemi hivyo, tunasema hivi. Mtu ni Mwasu, watu ni Vaasu, lugha ni Chasu. Yeye aliruhusiwa kuuliza kwa lugha iliyovunjikavunjika, na hakuvishwa kitu shingoni.

Jumamosi. Nateremka kurudi Same, basi limejaa magunia ya tangawizi kutoka Mamba, harufu yake mpaka kooni. Nani anapanda njiani? Binti wangu wa Jumatatu. Safari hii ana orodha ya majina ya wingi yasiyofuata kanuni: child, children, foot, feet, sheep, sheep. Alikuwa anayakariri huku midomo ikicheza. Kwenye kona akasimamisha kidole juu ya ile ya mwisho.

"Mama, hii mbona wameiita ya ajabu?"

"Kwani si ya ajabu?"

"Kondoo mmoja, kondoo wawili," akasema, akaifuta kwenye orodha yake.