Barakoa ya Aliyepandikizwa Figo

Tangu Muhimbili ipandikize figo ya kwanza nchini, Novemba 2017, tunao Watanzania wanaoishi kwa figo waliyopewa na ndugu zao hapa hapa nyumbani. Ili mwili usiikatae, humeza dawa za kushusha kinga maisha yote. Hapo ndipo korona inapowapatia: huugua vikali kuliko wengi wetu, na hata chanjo huwajengea kinga hafifu. Wakiacha dawa, figo itakufa.

Basi hapa Mwika anayevaa barakoa kanisani asichekwe eti hana imani. (Imani gani inayomkoholea mgonjwa?) Mwenye kikohozi abaki nyumbani Jumapili hiyo, ugonjwa ni udhuru halali. Maaskofu wetu walituonya Januari 2021. Mbona ndoo za kunawia mlangoni zimekauka?